Leonida Maranga: Miaka Thelathini na Minne ya Kusikiliza Injini Zinazokataa Kuwaka

Miaka thelathini na minne, miezi minne na siku ishirini na tatu. Huo ndio muda ambao Fundi Mkuu Leonida Maranga ametumikia karakana ya Kliniki Tembezi ya Ziwa Kusini, tangu Jumatatu ya tarehe 4 Februari 1991 hadi Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, anapostaafu rasmi. Katika muda huo wote aliugua kazini mara tatu tu, na mara mbili kati ya hizo ilibidi daktari wetu amtoe chini ya gari kwa kumkemea.

Mimi ni Caren Adero, mtunza stoo ya spea. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu dirisha la stoo linatazamana na benchi lake. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikimwona mwanamke huyu kila siku kuliko ninavyowaona watu wa nyumbani kwangu.

Leonida alizaliwa mwaka 1965 nje kidogo ya Awendo, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake aliendesha trekta za kuvuta miwa, na asubuhi za baridi trekta ilipokataa kuwaka, watoto wote waliitwa kusukuma kabla ya kwenda shule. Yeye anasema hakupenda kusukuma, ndiyo maana akaanza kuuliza kwa nini trekta inakataa. Alipomaliza shule alipelekwa chuo cha ufundi mjini Migori kujifunza ushonaji. Wiki ya pili cherehani tatu ziliharibika, akazifungua na kuzirudisha zikifanya kazi. Mwalimu wa ushonaji mwenyewe alimshika mkono, akampeleka darasa la magari na kumwacha huko.

Alipokuja hapa Homa Bay kuomba kazi, alikuwa na wenzake sita, wote wanaume. Nyapara wa wakati huo aliwaonyesha lori lililokataa kuwaka, akawaambia walitengeneze. Wanaume wale walifungua boneti wakashindana kuinama. Leonida alizunguka nyuma, akagonga tangi la mafuta kwa kiganja, akasikiliza, kisha akauliza dereva yuko wapi. Dereva alipoitwa alikiri kwamba geji ilikufa tangu mwezi uliopita na hakumbuki alitia mafuta lini. Tangi lilikuwa tupu. Nyapara alicheka, akamwajiri, na kwa miaka miwili akamwoshesha vyuma tu. Leonida hakulalamika. Anasema chuma ukikiosha unakijua tabia.

Wote tuliofanya naye kazi tunajua mazoea yake. Magari aliyasemesha kwa Kijaluo, madereva aliwakemea kwa Kiswahili, na barua za makao makuu aliziandika kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula. Simu ikilia ndani ya karakana, mwenye simu alitoka nje yeye na simu yake. Dereva akimletea gari bovu, hakuruhusiwa kwenda kunywa chai kwanza. Alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya benchi na kueleza: ilikataa wapi, ilikuwa imepoa au ina moto, ulikuwa umetoka wapi, ulisikia nini, ulinusa nini. Madereva wapya walidhani anawahoji kama polisi. Wakongwe walijua kwamba nusu ya kazi inafanyika pale pale kitini, kabla spana haijaguswa.

Hata zama za simu za kisasa hazikumwacha nyuma. Mwanzoni alikataa kabisa kusikiliza sauti za injini zilizorekodiwa. Baadaye akawa ndiye anayewasaidia madereva wa tawi letu la Migori akiwa hapa hapa, kwa sauti walizomtumia. Wakati mmoja dereva aliyekuwa Isebania alimtumia mlio wa ajabu uliomtia hofu njia nzima. Leonida alisikiliza mara mbili, akamjibu aangalie chini ya kiti cha abiria. Kulikuwa na kuku aliyefungwa miguu, zawadi ya mgonjwa mmoja mwenye shukrani, na hakuna aliyemwambia dereva.

Lakini sikukubali kuandika wasifu huu kwa ajili ya hadithi ya kuku. Kuna jambo la mwaka 2019 ambalo wengi wenu mliajiriwa baada yake. Nimemwomba Leonida ruhusa ya kulieleza. Alisema niandike, ila nisirefushe. La kwanza nimelitii.

Wakati huo kliniki ilikuwa na Landrova ya mwaka 1974 ambayo madereva waliiita Dana, yaani bibi kizee. Magari mapya yalikuwapo, lakini mvua ikinyesha bonde la Lambwe na udongo mweusi ukaanza kuvuta magurudumu, Dana ndiye aliyepita. Kila Jumatano alipeleka makasha ya chanjo hadi Mbita, yakapandishwa boti kwenda Takawiri na Mfangano, kisha akarudi na wagonjwa waliohitaji hospitali. Dereva wake alikuwa Gisiri Nchagwa, mtu wa Kehancha, mpole, asiye na maneno mengi.

Mwezi wa Mei mwaka huo Dana alianza ugonjwa. Asubuhi hapa uani aliwaka kwa mguso mmoja. Akifika Mbita na kuzimwa, hakuwaka tena mpaka ikapita nusu saa au zaidi. Gisiri aliripoti. Mafundi walijaribu gari asubuhi, likawaka. Aliporipoti tena, walilijaribu asubuhi nyingine, likawaka tena. Mara ya tatu watu walianza kutazamana. Likabuniwa neno, na neno hilo likatembea: Gisiri anauza petroli huko Mbita na kujazia mafuta ya taa. Paredi ya Jumatatu, mbele ya wafanyakazi wote, meneja wetu Bwana Ken Omuga alisema anajua kuna dereva anayecheza na mafuta ya kliniki, na kwamba dereva huyo ajitayarishe. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Kisha katikati ya Juni, Jumatano moja, mama mjamzito aliletwa kwa boti kutoka Takawiri akiwa na uchungu mkali. Dana alikuwa gatini, na Dana alikataa kuwaka. Gisiri alihangaika, wavuvi wakalisukuma gari, ikashindikana. Mwishowe alisimamisha pikapu ya samaki, akawasihi wampeleke mama yule Homa Bay. Alijifungua njiani, juu ya magunia, akisaidiwa na muuguzi wetu mmoja. Mtoto alichelewa kulia. Muuguzi anasema dakika hizo hatazisahau. Lakini alilia, na wote wawili wakafika salama.

Kesho yake Gisiri alisimamishwa kazi. Bwana Omuga alimwita Leonida, aliyekuwa fundi mwandamizi wakati ule, akamtaka aandike ripoti ya sentensi moja kwamba mafuta ya gari yalichanganywa. Barua ya kumfukuza Gisiri ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Ilisubiri ripoti hiyo tu.

“Madam, andika tu,” meneja alimwambia. “Gari inawaka vizuri kila asubuhi. Shida iko kwa dereva.”

“Inawaka asubuhi kwa sababu imelala na imepoa,” Leonida akajibu. “Mimi bado sijaiona ikikataa. Siwezi kuandika ugonjwa ambao sijauona. Nipe siku tatu.”

Akapewa.

Siku ya kwanza alishughulikia mafuta. Alitoa petroli kutoka chini kabisa ya tangi, akaitia kwenye chupa nyeupe, akaitazama juani kama kuna maji au tabaka. Akachovya karatasi nyeupe na kuianika kwenye kamba. Petroli safi huruka na kuacha karatasi ilivyokuwa. Iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa. Karatasi ilikauka bila doa. Meneja alisema hilo halithibitishi kitu, maana huenda tangi lilijazwa upya. Leonida alikubali kwamba ana haki ya kusema hivyo.

Siku ya pili alianza tangu asubuhi na mambo ambayo kila fundi huanza nayo. Betri ilikuwa na nguvu. Nyaya zilikuwa zimekazwa. Plagi zilitoa cheche ya buluu. Alibadilisha kondensa, kwa sababu kondensa inayokufa huweza kufanya kazi ikiwa baridi na kulala ikipata moto. Kila alipogeuza ufunguo, Dana aliwaka. Nilimwona dirishani akikaa kwenye kile kiti cha madereva, peke yake, akiitazama injini iliyokuwa ikinguruma vizuri kama haijawahi kumkosea mtu.

Jioni alikwenda kwa meneja akaomba jambo ambalo halikumfurahisha: kesho aende Mbita, na aendeshwe na Gisiri. Bwana Omuga alikataa mtu aliyesimamishwa kazi aguse gari la kliniki. Leonida alimwambia kwamba Dana akikataa, hukataa mikononi mwa Gisiri, saa ile ile, mahali pale pale, na kwamba yeye hataki kubadilisha hata kimoja kati ya hivyo. Alipata ruhusa, lakini kwa sharti kwamba jambo likienda vibaya litakuwa juu yake.

Yaliyotokea Mbita nimeyasikia kwa Gisiri, na kidogo kwa Leonida, maana yeye hupunguza. Waliondoka mchana jua likiwa kali, kwa mwendo ule ule wa kila Jumatano. Gatini Gisiri alizima gari. Leonida alimwomba afanye kila kitu kama siku ya kazi, basi wakashusha makasha matupu waliyobeba, wakayapanga chini, wakayarudisha. Dakika ishirini. Kisha akamwambia awashe.

Stata ilizunguka kwa nguvu. Injini haikushika. Gisiri anasema alimtazama Leonida na kuona kitu ambacho hakutarajia: alikuwa anatabasamu, kama daktari aliyeipata homa kwenye kipimo.

“Usiongeze chochote,” Leonida alimwambia. “Toa mguu kwenye mafuta. Sasa tuongee nayo.”

Alifungua boneti. Akachomoa plagi moja, akairudishia waya wake na kuigusisha kwenye chuma cha injini huku Gisiri akizungusha stata. Cheche ilitoka, ya buluu, yenye sauti. Basi umeme ulikuwapo. Lakini plagi yenyewe ilikuwa imelowa petroli ikidondoka. Hapo ndipo wengi wangekosea, maana gari likikataa mtu hudhani limekosa mafuta. Dana hakukosa mafuta. Alikuwa amezama ndani yake.

Leonida aliondoa kifuniko cha hewa, akachungulia koo la kabureta. Injini imezimwa, hakuna anayekanyaga, na bado petroli ilikuwa ikidondoka ndani. Akasogeza sikio. Alisikia inatokota, taratibu, kama chai inayokaribia kuchemka. Alipogusa kabureta kwa kiganja, aliutoa mkono upesi.

Kwa wasio mafundi, nieleze. Injini inapozunguka, petroli mpya na hewa huipoza kabureta. Ikizimwa ikiwa na moto, joto la chuma hupanda juu na hakuna cha kulipoza. Ndiyo maana watengenezaji waliweka kati ya kabureta na bomba la chini kipande kinene cha kuzuia joto, ambacho mafundi hukiita spesa. Bila spesa petroli huchemka ndani ya kabureta, humwagika kwenye injini, na injini hulowa isiweze kushika moto mpaka ipoe. Asubuhi kila kitu kiko sawa. Ndiyo maana hakuna aliyeona.

Leonida aliinama kutazama spesa ya Dana. Haikuwapo. Mahali pake palikuwa na gasketi nyembamba ya karatasi ngumu, iliyokatwa kwa mkasi. Aliutambua mkato. Ulikuwa wake.

Mwishoni mwa Aprili, siku moja kabla ya safari, alikuwa amefungua kabureta kuisafisha, akakuta spesa imepasuka. Aliandika ombi la spesa mpya, akakata gasketi ya muda ili gari lisikose safari, akafunga. Zikaja kazi nyingine, yakaja magari ya Migori, na lile la muda likawa la kudumu.

Gisiri anasema mama huyu alimwita aje aone. Akamwonyesha kwa kidole.

“Gisiri, hii ni kazi ya mkono wangu,” akamwambia. “Gari haikuharibiwa na wewe. Niliiharibu mimi.”

Gisiri aliteremka hadi majini, akanawa uso, akasimama huko akitazama boti zinazopakia. Aliporudi alisema maneno machache.

“Mama, wiki zote hizi naitwa mwizi. Mke wangu Jerusha ameacha kwenda kanisani kwa sababu ya macho ya watu. Kumbe ni karatasi.”

Leonida hakumwomba msamaha pale. Ananiambia aliona kwamba kumwomba pale ni kumpa mzigo mwingine wa kubeba. Alimwuliza tu neno la wizi lilisemwa wapi kwa mara ya kwanza. Gisiri akasema lilisemwa kwenye paredi, mbele ya wote. Leonida akasema basi litatolewa hapo hapo.

Alimwagiza akanyage mafuta hadi chini, asiachie wala kupampu, asiguse choki, kisha azungushe stata. Hewa nyingi iliingia na kuikausha injini. Dana alikohoa, akatoa moshi mweusi, akawaka. Wakarudi Homa Bay.

Wengi wetu, tukiwa wakweli, tungeishia ofisini kwa meneja. Na meneja, kwa kumtetea, hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamkumbusha Leonida kwamba Alhamisi inayofuata ana usaili wa cheo cha Fundi Mkuu, na akampa njia: ripoti iseme uchakavu. Gari ni la 1974, hakuna atakayeuliza. Gisiri atarudi kazini, na kila mtu ataendelea na maisha yake.

Leonida alifikiri. Anakiri kwamba alifikiri kweli, wala si kwa dakika moja. Kisha akamjibu:

“Nikiandika uchakavu, watu watasema dereva alisamehewa. Hajasamehewa. Hakukosa.”

Jumatatu alisimama kwenye paredi akiwa na ile gasketi mkononi. Alieleza kwa Kiswahili, kisha akaeleza upya kwa Kijaluo ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Alisema alikata nini, lini, kwa nini, na alisahau nini. Alisema mama wa Takawiri alijifungulia juu ya magunia kwa sababu hiyo. Alitaja jina la Gisiri Nchagwa mara tatu, na kila mara akaongeza kwamba hakuiba. Bwana Omuga alitoka mstari wa mbele, akavua kofia, akamwomba Gisiri radhi mbele yetu. Gisiri aliupokea mkono wake. Hakutabasamu, na hakuna aliyemtaka atabasamu.

Jumamosi iliyofuata Leonida alipanda boti kwenda Takawiri. Hakuna aliyemtuma. Alimtafuta yule mama, akamweleza mwenyewe. Mama mkwe alimtaka arudie maneno yote tangu mwanzo, akarudia. Yule mama mkwe akamwambia kwamba amefanya vizuri kuja, lakini leo hatapewa chai. Akija siku nyingine, atakunywa. Leonida alikwenda tena mwezi wa Desemba. Alikunywa.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ni yangu.

Lile ombi la spesa lililoandikwa Aprili lililetwa stoo. Mimi ndiye niliyelipokea. Niliona ni kitu kidogo cha gari kuukuu, nikaliweka chini ya mengine nikisubiri yafike kumi niyatume pamoja Nairobi. Halikutumwa. Siku ya paredi nilisimama mstari wa nyuma nikisubiri aseme kwamba aliagiza na stoo haikuleta. Angesema hivyo, angesema kweli, na lawama ingegawanyika. Hakusema. Alisema alisahau kufuatilia, akaishia hapo.

Mchana nilimfuata benchini nikilia. Nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa.

“Ni mimi niliyefunga boneti,” akaniambia. “Gari likitoka hapa, anayejibu ni aliyefunga boneti. Wewe ya kwako unayajua.”

Hakulitaja tena mpaka leo. Mimi nililificha miaka sita, na sikutaka astaafu nikiwa bado nimelificha. Gisiri, nimekuja nyumbani kwako nikakwambia kabla sijaandika. Asante kwa jinsi wewe na Jerusha mlivyonipokea.

Spesa yenyewe ilipatikana kwa Farah, mwenye duka la spea mjini Migori. Alipekua maboksi ya tangu enzi za baba yake, akaipata moja imefungwa kwenye gazeti, akaileta mwenyewe kwa sababu alitaka kumwona fundi aliyejishtaki. Dana alipofungwa spesa hiyo alikwenda Mbita na kurudi mwaka mwingine mzima bila kukataa, mpaka alipopumzishwa kwa heshima.

Na cheo? Usaili ulifanyika, Leonida akakosa. Jopo lilisema lina wasiwasi na umakini wake. Fundi Mkuu akawa mwenzetu kutoka tawi la Migori, mtu mdogo kwake kwa miaka kumi na minne. Leonida alimtumikia kwa miaka mitatu bila kumpinga mbele ya watu hata mara moja, na fundi huyo alipohamishwa mwaka 2022, ndiye aliyeandika barua kwamba nafasi ile haimfai mwingine ila Maranga. Muda wake kileleni umekuwa miaka mitatu tu. Lakini katika miaka hiyo magari yetu yaliyokwama njiani yalipungua hadi mawili kwa mwaka, na hakuna gari linalotoka karakana hii likiwa na kitu cha muda bila utepe mweupe chini ya boneti wenye tarehe na jina la aliyekiweka.

Gisiri kwa miezi mingi alimsalimu kikazi tu, na Leonida hakulazimisha zaidi. Kisha siku moja ya mvua mwezi Novemba Gisiri aliingia karakana akisukuma pikipiki yake mwenyewe, iliyokuwa imegoma tangu alfajiri. Alikaa kwenye kiti cha mbao bila kuambiwa, akaanza kueleza: ilikataa wapi, ilikuwa imepoa au ina moto. Nilifunga dirisha la stoo ili niwaachie nafasi.

Leonida amefundisha mafundi kumi na watatu. Wa mwisho ni Shamima, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa hapa mjini, aliyejiunga nasi mwaka 2021 na ambaye kuanzia Jumatatu atashika zamu ya asubuhi. Jumanne ya wiki iliyopita gari la wagonjwa lilikataa kuwaka hapa uani, muuguzi akiwa tayari ndani. Shamima alikuwa ameinamia injini, jasho linamtoka, na sisi wote, kwa mazoea, tukageuka kumtazama Leonida. Yeye alimwuliza Shamima kama amemsikiliza dereva. Shamima akasema ndiyo. Leonida alichukua kikombe chake, akaenda jikoni kwa mpishi kuomba chai, akakaa kule akiwa ameupa uwanja mgongo. Baada ya kama robo saa tulisikia injini ikiwaka. Mpishi anasema hakugeuka. Aliomba sukari.

Fundi Mkuu Leonida, kwa niaba ya wafanyakazi wa Homa Bay na Migori, wauguzi, madereva na wagonjwa ambao hawakujua jina lako lakini walifika salama, tunasema asante, na kwa Kijaluo chako, erokamano. Unarudi Awendo kwa wajukuu wanne na shamba ambalo umelizungumzia kila msimu wa mvua tangu nikujue. Mungu akupe afya ya kulilima na watu wa kula nawe mavuno. Lala hadi jua lichomoze, kwa mara ya kwanza tangu 1991. Tunakuombea miaka mirefu yenye utulivu, na mapumziko uliyoyastahili kwa haki.